Boksi la Chanjo la Bonaventura

Mwaka umekatika, Bona, tangu tukulaze kaburini pale Bashay, na hasira yetu bado haijapoa.

Wewe bwana mifugo wetu ulijua ng'ombe wa kila boma kwa rangi. Watoto walikukimbilia, "Shikamoo, daktari!", ukawaitikia na kifuniko cha sindano kikiwa mdomoni. Mpole kweli, ila kwa jambo moja ulikuwa moto: chanjo isiyo na barafu ni maji tu. Mdogo wako Basili, msaidizi wako, ulimkaririsha hilo mpaka akachoka.

Ulipougua, tuliambiwa hospitalini ni saratani ya damu, ile inayokwenda mbio. Ina aina zake, na kila aina na dawa yake. Kuijua aina kulihitaji mashine ya huko mjini, inayopitisha chembe za damu mojamoja mbele ya mwanga na kuzisoma. Basili akakabidhiwa kichupa cha damu yako na karatasi. Namna ya kukibeba hakuelezwa hata neno moja. Jamani, hata moja!

Akafanya ulivyomfundisha. Akachukua boksi lako la chanjo, akalijaza barafu, akasafiri siku nzima. Kumbe mashine ile inataka chembe zilizo hai, na barafu ilikuwa imezipasua zote. Hilo nalo tuliambiwa baada ya siku nane. Siku nane, kwa mtu ambaye hata uji haushuki! "Sampuli imeharibika, leteni nyingine." Basi, hivyo tu.

Ya pili Basili aliibeba kwenye mfuko wa shati. Majibu yakaja safi: aina imejulikana, na dawa yake ilikuwepo palepale ulipolazwa. Tulikuwa tumeshakuzika, siku ya pili hiyo.

Tangu hapo Basili hakuligusa boksi. Likakaa juu ya kabati, ndama wakafa kwa chambavu, ugonjwa unaozuilika kwa chanjo, naye akiulizwa anajibu, "Nilimuua kaka kwa mikono yangu." Tumembembeleza, tumemgombeza, wapi!

Juzi mama akachoka. Akalishusha mwenyewe, akamwekea magotini.

"Basili, siku ile ya kupeleka damu nilikuwa pale kando ya kitanda. Ulimfunulia kaka yako boksi alikague. Alisema nini?"

Basili alilia kwanza. "Alisema, ongeza barafu."

Ndiyo, Bona, ni wewe. Hukujua, naye hakujua, na waliojua hawakufungua mdomo. Hao ndio hatujamalizana nao.

Unakumbukwa na mama yako Marieta, mkeo Imakulata, dada yako Letisia anayeandika haya, na mdogo wako Basili. Misa ya kukuombea ni Jumamosi, saa moja asubuhi, kigangoni Bashay. Hatujakusahau, wala hatutakusahau.

Basili atachelewa kidogo, utusamehe. Ana ndama wa kuchanja, na barafu haisubiri.