Wifi Yangu Hanitukani Tena

Makao ya Wazee,
Chumba cha mwisho, jirani na chumba cha kufulia.
Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpendwa mjukuu wangu,

Wewe mtoto, miguu yako imeota mizizi huko? Tangu mvua za mwaka jana hatujakuona, tunasikia sauti yako tu kwenye simu ya ofisini kama taarifa ya habari. Haya, hujambo lakini? Mkeo hajambo? Kifua cha mtoto kimepona? Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yamegoma. Anayeniandikia ni karani mstaafu wa chumba cha pili, maana shule mimi niliiona kwa nje. Nimemkataza kulainisha maneno.

Nina neno kuhusu bibi yako mdogo, wifi yangu, aliyekubeba mgongoni mpaka ukaota meno.

Salamu zetu unazijua. Tangu nilipoolewa na kaka yake, kila asubuhi hunipokea, "Mchawi wewe, hujafa tu?" Nami humjibu, "Nangoja utangulie, nirithi blanketi." Tunacheka, tunakunywa chai. Basi amekuja msimamizi mpya, kasikia hayo kadhani ni vita. Akakupigia simu kwamba bibi ana fujo, nawe, bila kuniuliza mimi ninayetukanwa, ukamjibu mpeni cha kumtuliza.

Sasa ametulizwa. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, anasinzia kitini uji ukimkaukia kidevuni. Juzi aliyumba akitoka chooni, akaanguka, akachubuka shavu. Nikamfuata msimamizi. Akaniambia, "Lakini bibi, si unaona ametulia?" Nikamwambia hata jiwe limetulia. Nikamuuliza kidonge hicho kinatibu ugonjwa gani. Akanituma nikapumzike. Ningeongeza neno, nami ningemezeshwa.

Wahudumu siwalaumu sana. Wako wawili korido nzima, na mzee aliyelala haiti mtu. Ila wifi yangu hakuja hapa kuwekwa kama gunia stoo.

Jana nilimwinamia, nikamtukana matusi yangu yote mazuri. Akafumbua macho taratibu, akanitazama, akasema, "Asante, mama." Mama, mimi, wifi yake. Nilirudi kitandani nikalia, karani hapa ni shahidi.

Neno lako ndilo lililoruhusu, na neno lako ndilo watakalolisikiliza. Mwambie daktari mwenyewe, uso kwa uso, ampime upya. Karani anasema dawa hizi hazikatwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo. Sawa, lakini zianze kupunguzwa.

Wasalimie mkeo na yule mwanao mwenye masikio ya marehemu babu yako. Mungu akufungulie njia, na akunyime visingizio.

Ukija, njoo asubuhi, kabla ya kidonge. Usimpe shikamoo. Mtanie kama zamani, mwambie, "Mke wangu, umezeeka, nimekuletea talaka." Kisha vuta kiti, ukae hapo mpaka akutukane.

Bibi yako akupendaye, hata unapomuudhi.