Fundi wa Kichwa cha Barua

Makebuko, Gitega, 4 Mei 2024

Shemeji Kastori,

Miaka yangu sabini na nane. Nimezika wake wawili, ng'ombe kumi na mmoja, na daktari aliyesema sitafika Krismasi. Amani, amahoro kwako, amahoro kwa mdogo wangu Anisia mkeo, amahoro kwa mbuzi, kwa migomba, kwa jirani wote hata yule mchawi. Mi mzima kama nyundo. Na goti lako? Lile la kushoto?

Umeona mwanzo huo? Hii ni imeli, lakini kichwa chake ni kile kile cha kambi yetu ya wakimbizi Kibondo. Watu walipanga foleni: "Bonifasi, tupe kichwa cha barua!" Mi nikatoa kichwa, we ukaandika tumbo. Nani alisifiwa? Sasa naandika kwa penseli, Gaudensia wa sekretaria anapiga kwenye kompyuta, na majibu ananisomea. Simu sitaki. Inakatika kabla hujamaliza salamu.

Shemeji yako mkubwa,
Bonifasi

Butihinda, Muyinga, 20 Mei 2024

Shemeji Bonifasi,

Amahoro. Tuko wazima, ila Anisia miguu imevimba, kizingiti cha mlango kinamshinda. Goti langu ni la kulia, na tangu zamani ni la kulia.

Binti yetu Vumilia alinisomea kwenye simu yake. Alipofika kwa mbuzi, batri ikaisha. Kesho yake tukaanzia kwenye migomba. Shemeji, rafiki hasalimiwi mpaka alale! Niambie kitu kimoja ulichoona asubuhi, nicheke, halafu sema neno lako.

Neno langu ni hili: Anisia anataka kukuona. Miaka sita imepita. Panda gari mpaka Muyinga, tutakupokea stendi.

Shemeji yako,
Kastori

Makebuko, 8 Juni 2024

Shemeji mwanafunzi,

Amahoro kwako, kwa Vumilia, kwa batri yake, kwa Anisia na miguu yake miwili, ishuke, itembee, icheze ngoma. Umetaka nilichoona asubuhi: nimemwona mzee mmoja mzuri sana kwenye kioo.

Sasa sikiliza. Barua isiyo na salamu ni mgeni anayeingia bila hodi na kufunua sufuria. Ikija kwangu ya namna hiyo, haisomwi. Na kuhusu kuja, mi ndiye kaka. Kaka hutembelewa. Miguu ikipona, Anisia aje ale viazi vya Makebuko, nitamchagulia vikubwa.

Shemeji yako mkubwa,
Bonifasi

Butihinda, 2 Julai 2024

Bonifasi, weka chini hicho ulichoshika.

Anisia hali chakula tangu Jumapili. Anakuita wewe. Hata mimi nikimpa maji ananiita Bonifasi. Leo yupo, kesho sijui. Njoo. Vumilia atakusubiri stendi Muyinga kuanzia asubuhi.

Kastori

Makebuko, 4 Julai 2024

Shemeji Kastori,

Amahoro, maana mi najua kusalimu. Gaudensia amenisomea mstari mmoja wa barua yako nikamwambia: zima! "Weka chini hicho ulichoshika." Mi ni mpagazi wako wa mpakani Kobero? Yeye alitaka kuendelea, nikaziba masikio. Andika upya, anza kama mtu aliyelelewa, nami nitasikiliza. Nakupa wiki mbili.

Shemeji yako mkubwa sana,
Bonifasi

Butihinda, 15 Julai 2024

Bonifasi,

Tumemzika Anisia Ijumaa. Vumilia alikaa stendi siku tatu, kila gari la Gitega akichungulia dirishani.

Unasema ulisikia mstari mmoja tu. Siamini. Uliambiwa ukakataa kuja, sasa unajificha nyuma ya salamu. Kambini mimi ndiye niliyeandika habari za msiba, unajua vizuri kwamba hazibishi hodi. Sina la kuandika upya.

Baba Vumilia

Muyinga mjini, 22 Julai 2024

Kastori,

Leo sina kichwa, soma tumbo.

Gaudensia alipanda mpaka kwangu na barua zako mbili kwenye karatasi. Nikamwomba asome ile ya kwanza, yote. Alipofika "ananiita Bonifasi" nilikaa chini, hapo hapo kwenye udongo, na penseli yangu mkononi.

Jana nimefika kwako. Ulinipa kiti, ukanipa maji, hukunisalimu. Na mi niliyewapa kambi nzima salamu sikupata hata moja ya kuanzia. Kwa hiyo nimekuja kwa mtu wa kompyuta hapa stendi.

Mara hiyo sikukataa kuja. Nilikataa kusikiliza. Najua hilo ni baya kuliko lile, sipunguzi kitu. Lakini sikujua kwamba ananiita. Amini hilo moja tu, mengine nihukumu. Gari langu linaondoka kesho saa sita. Ukija, usinisalimu. Anza tu kusema.

Mashahidi ninao. Muulize Gaudensia, aliyesema mara mbili "Mzee, ngoja nimalize," nami vidole viko masikioni. Muulize Aboubakar wa pikipiki, aliyenitoa kwako na kunipeleka kaburini, akazima injini, akasikia yote. Nilimsalimu Anisia kuanzia yeye mpaka miguu yake, mmoja mmoja, sikuruka hata mbuzi. Anisia angekuwa shahidi wa tatu. Hakuitika.

Kaka yake,
Bonifasi