Nahodha wa Mayai

Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi. Mgongo wako umepata nafuu? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku wazima. Kibonge ameota jino la pili na anauma kila kinachopita karibu, wa kwanza mimi. Mama mkwe hajambo. Goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi hauna goti, unamjua.

Utashangaa kupata barua na simu zipo. Wifi, kwenye simu wewe hucheka kabla mtu hajamaliza, nami ni mwoga. Karatasi haikatizwi. Nisome mpaka mwisho.

Ni habari ya ile safari yetu ya hifadhi ya pwani. Unaijua kama alivyokusimulia kaka yako, kwamba alizubaa akaipeleka kayaki kwenye kisiwa cha ndege. Ukamwita Nahodha wa Mayai, na sasa ukoo mzima unamwita hivyo. Jina limefika hadi kazini kwake. Fundi bomba mzima, yuko chini ya sinki la watu, anaulizwa leo amevunja trei ngapi. Mwanzoni alicheka. Siku hizi ukipiga simu ananionyesha kwa mkono niseme hayupo, kumbe kakaa hapo hapo jikoni na kijiko chake. Vicheko vya wengine vinampita. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni, chako kinamkaa.

Sasa ilivyokuwa ni hivi.

Kayaki ni kamtumbwi kembamba ka plastiki, mnakaa mmoja nyuma ya mwenzake. Mwongozaji, dada mmoja mwenye kofia pana, alitueleza mapema kwamba wa nyuma ndiye mwenye usukani, na kile kisiwa cheupe tusikisogelee, ndege wanaatamia. Kaka yako akakaa nyuma. Mimi mbele.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwacha Kibonge alale kwa bibi yake. Tangu asubuhi kifua kilikuwa kimejaa, kigumu kama mawe. Tulipofika usawa wa kisiwa nikasikia mtoto analia. Nakuambia mtoto, wifi, wala si sauti inayofanana na ya mtoto. Maziwa yakashuka yenyewe, yakalowesha blauzi ndani ya jaketi la kuokolea.

Nikasema, "Kuna mtoto pale."

"Mama Kibonge, hao ndege. Geuza kasia."

Sikugeuza. Nilivuta upande mmoja kwa nguvu zote, yeye huko nyuma anahangaika kuturudisha, mwongozaji anapuliza filimbi. Tukaparamia mwamba. Nikashuka mbio, ndege wakaruka wote kwa pamoja hadi jua likafifia. Hapakuwa na mtoto. Yalikuwa mayai, yametagwa juu ya jiwe tupu bila hata unyasi, na unyayo wangu umelowa kiini.

Askari wa hifadhi alifika na boti, hata hakunitazama.

"Wewe bwana, huo usukani ulipewa au uliuokota? Mama zao wakichelewa kurudi na jua hili, hata hayo mazima yameiva!"

Kaka yako akajibu, "Ni mimi, afande. Nilizubaa."

Nilikuwa na mdomo, nikaufunga. Ningesema nini? Kwamba nimemsikia mwanangu analia baharini? Niliogopa wataniona sina akili timamu, waulize mtoto nimeachiwaje. Nikafunga jaketi mpaka shingoni ili ile blauzi isionekane.

Wakatutoa majini, wakatushusha ufukweni. Tukarudi kwa miguu, kwa ile njia ya juu ya majabali tuliyokuwa tumeiweka ya kesho yake, tuitembee kwa raha zetu. Njia nzima alikuwa nyuma yangu, penye utelezi ananishika kiwiko, na hakuniuliza kitu. Kule juu tukageuka kutazama. Ndege walikuwa wanarudi, mmoja mmoja, kila mmoja anakalia mayai yake. Upande wetu tu ndio uliobaki wazi. Nikalia. Akasema, "Twende, Kibonge anakungoja."

Halafu ukapiga simu kuuliza safari, naye akakupa maneno yale yale aliyompa afande. Mimi nimekaa ubavuni kwake nanyonyesha, nasikia unavyocheka, nikajifanya namfuta mtoto mdomo. Ile mara ya kwanza naweza kusingizia hofu. Hii ya pili sina cha kusingizia. Uso sina, wifi. Kila akinionyesha kwa mkono niseme hayupo, natamani sakafu inimeze.

Hajui kwamba naandika, angenikataza. Na hapa sikuombi, nakuambia kama mke wa kaka yako: jina hilo limwondoke. Ulilitoa wewe, na hakuna mwingine anayeweza kulirudisha. Waambie wote, hata binamu zako wale wapiga kelele. Ukiona ni tamu mno kulitupa, nivike mimi, unitanie mpaka uchoke, ndiyo haki yako. Kisha mpigie simu. Safari hii sitasema hayupo.

Nisalimie shemeji, na mapacha, na shangazi wa miwani ya kamba. Mama mkwe anasema ile shali yako ya sufu bado anajifunika, na kwamba unatakiwa kula. Kibonge angekusalimu, ila amelala na kidole changu mdomoni, naandika kwa taabu.

Mungu awaatamie nyote huko mliko, na wala asiinuke.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,

Nahodha wa Mayai.