Mawe Mlangoni

Kikuyu, Dodoma

Mama mdogo Paulina, shikamoo.

Mimi nipo, nimechoka tu. Nimefurahi kusikia uwele umeota vizuri huko Mlali.

Umeomba nimpitishe bibi mbele ya foleni, kwa kuwa mimi ni karani hapa hospitali. Mama, watu hapa hupanga mawe mlangoni tangu alfajiri, kila mtu na jiwe lake, kisha wanakwenda kukaa kivulini. Juzi mkuu wetu aliniagiza niyaondoe, wageni wanakuja. Nikayaondoa. Ikawa hakuna anayejua nani yuko mbele, wakasukumana mpaka mzee mmoja akaanguka. Mama mmoja akanikamata shati: "We karani, jiwe langu umelipeleka wapi?"

Tangu siku hiyo, kila ninayemwita dirishani wananiuliza, "Huyo naye ndugu yako?" Naogopa hata kutoka kwenda kula.

Mlete bibi, macho yake yasisubiri zaidi. Ila mtapanga foleni kama wengine. Nikimwita atanitambua kwa sauti, najua. Tafadhali mwambie asiniitikie "mjukuu wangu".

Mwanao,
Lameck