Upendo Asitembee Mpaka Ndege Itue

Jumamosi, Bombambili, hapa Songea. Kibaridi bado kipo ila jua limeshatoka.

Sasa hivi tu Upendo kaachia kochi. Kasimama mwenyewe, mikono juu, kaniangalia, kacheka, halafu akainua mguu. Kabla haujagusa chini nikamdaka.

Nimemfunga mgongoni kwa kanga. Ndiyo, mama mzima namzuia mwanangu kutembea.

Ni hivi. Baba yake yuko angani. Anafanya kazi ya umeme Dar, na mara ya mwisho alimwacha huyu mtoto bado anakalishwa kwa mito. Kila tukiongea ananiambia, "Jino la kwanza nimelikosa, kutambaa nimekosa. Hatua ya kwanza niwekee, mke wangu." Tunacheka, lakini najua inamuuma. Safari hii likizo ni fupi mno, basi lingeimaliza njiani, kwa hiyo bosi wake kamkatia tiketi ya ndege.

Mimi niliishia darasa la saba, na ndege naijua kwa kuitazama nikiwa chini. Jana nikaiuliza simu. Kwa barabara, Dar mpaka Songea ni karibu kilomita elfu moja, maana unazunguka Morogoro, Iringa, Njombe. Kwa ndege hazifiki mia sita. Inanyoosha tu, mwendo wa saa moja na nusu hivi, iko uwanjani Ruhuwiko.

Saa moja na nusu! Maharage yangu hapo hayajaiva.

Sasa mama mkwe wangu safari zote anazipima kwa basi. Mtu akipiga simu yuko Iringa, anabandika maharage. Akisema Njombe, anakamata kuku. Leo mwanawe kapiga kuaga kwamba anapanda ndege, mama akamjibu, "Haya baba, ukifika Iringa unishtue."

Nikamwambia, "Mama, ndege haisimami Iringa."

"Sasa kuku nitajuaje nimkamate saa ngapi?"

Basi kuku bado anazurura uani. Yeye karuhusiwa kutembea, Upendo hapana.

Mama akanitazama na mbeleko yangu, akacheka mpaka akashika mlango. "Umemfunga mtoto kama gunia la mahindi! Na mwenzio angekuja na basi je? Ungembeba mpaka usiku?"

Ningembeba.

Ila niseme ukweli, kuna kitu nakiogopa zaidi. Upendo anamjua baba yake kwenye kioo cha simu tu. Je, akimwona mzima mzima mlangoni akalia? Akajificha nyuma yangu? Hatua ninaweza kumwekea, lakini siwezi kumwekea mtoto wa kumkimbilia.

Nimeomba kimoyomoyo. Mengine namwachia Mungu.

Ee! Mngurumo umepita juu ya bati. Kuku kakimbia, mama katoka jikoni na mwiko mkononi: "Ndiyo yeye? Mbona hata maji sijabandika!"

Baadaye kidogo ujumbe ukaingia. "Nimeshuka, napanda bajaji."

Upendo ananipiga mateke mgongoni, anataka chini. Nimejifuta uso, nimebadilisha kitambaa cha kichwani, nimekaa, nimesimama, nimekaa tena naandika kwenye simu hii.

Bajaji imesimama nje. Mama anapiga kelele, "Mama Upendo! Acha hiyo simu, mwanangu kafika, mfungue mtoto!"

Haya, simu naiweka chini, nafungua fundo la kanga.