Kwa Kaka Kufuli, Aliyemwambia Daktari Ukweli

Mwaka umetimia, Kaka Kufuli, tangu ututoke, na bado hatujazoea. Mlango ukigongwa, kuna anayeinuka akidhani ni wewe.

Mtaa ndio uliokupa jina hilo. Aliyefungiwa nje, aliyepoteza funguo, aliyevunjikiwa na ufunguo ndani ya kitasa, wote walikimbilia kibanda chako cha mabati. Ulikipuliza kitasa, ukakitikisa karibu na sikio, ukasema, "Kufuli halina kiburi, lina kutu tu." Bibi wa nyumba ya kona alikulipa kwa maneno, na maneno yake hayakuwa na mwisho. Ulimsikiliza mpaka akachoka mwenyewe.

Hukuficha ulikotoka. Ujanani ulitumia unga, ukauacha, na kuuacha kulikutoa jasho jembamba. Uliwaambia wateja wenyewe: "Mimi nilikuwa teja. Mkinikuta nasinzia kazini, niamsheni kwa kofi." Walicheka, na waliposafiri walikuachia funguo za nyumba zao.

Kisha mgongo ukaanza kukusumbua. Tulidhani ni kuinama kwingi. Kumbe ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshaingia mfupani.

Daktari alipouliza kama umewahi kutumia dawa za kulevya, mkeo alikukanyaga mguu chini ya meza. Ukajibu, "Niliwahi, daktari. Niliacha zamani." Tangu hapo ukawa unapewa vidonge vile vile vya maumivu ya kichwa. Ulipolia wodini, wauguzi wakasema unatafuta starehe yako ya zamani. Dada yako aliwafuata mezani kwao: "Mtu amejikunja kama jongoo, nyinyi mnaona anajifanya?" Wakamjibu kwa upole kwamba mtu kama wewe hapewi dawa kali, atarudi kule kule.

Urudi wapi, Kaka? Hata kitandani ulikuwa unageuzwa.

Mama alikukanda kwa maji ya moto mpaka viganja vyake vikababuka. Tulikusomea, tukakuimbia, tukanyamaza. Hakuna lililofaa. Binti yako alitoka nje akaziba masikio, kisha akarudi kutuomba radhi, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Sote tulisimama pale na mikono yetu mizima, haina kazi.

Siku zikiwa zimekwisha kuyoyoma, alikuja muuguzi wa kitengo cha kutuliza maumivu ya wagonjwa wasiopona. Alivuta kiti, akakuuliza wewe, si sisi.

"Kaka, maumivu yenyewe yakoje?"

"Kama mtu ananichokonoa kwa bisibisi."

"Na mofini, ile dawa kali ya maumivu, unaiogopa?"

"Naogopa nitaipenda."

Hakukucheka. "Ukiona unaitamani hata pasipouma, niambie. Hakuna atakayekugombeza. Ila hivi ulivyo, huwezi kuachwa. Chupa ya dawa akae nayo nani?"

Ukamtazama mkeo. "Huyu. Huyu hata chumvi ananipimia."

Dawa ile ya maji ilikupa usingizi, usingizi wa kweli, mdomo wazi. Ulikoroma, nasi tukakaa tukikutazama kama watu wanaotazama mvua baada ya kiangazi. Ulipoamka uliomba unyolewe ndevu. Ukanywa uji, ukamtania dada yako kwamba amekonda kwa kugombana. Halafu ukatuuliza, taratibu tu:

"Kumbe dawa ilikuwepo?"

Wiki ile haikuisha, ukaenda.

Juzi alikuja yule sahibu yako mlioacha unga pamoja. Uvimbe umemtokea shingoni, anapelekwa kupimwa. Alizungusha kofia mkononi, akauliza, "Wakiniuliza, niseme, au ninyamaze?" Mkeo akainama. Tulimpa maji ya kunywa, tukamsindikiza hadi barabarani, naye akaenda na swali lake.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, mkeo, binti yako, dada yako na mumewe, wapwa zako, pamoja na majirani wote uliowafungulia milango.

Tutakukumbuka, Kaka, maadamu tungali hai.