Barua ya Kumzika Maganga

Jumanne, baada ya alasiri. Joto la Kariakoo leo lingekaanga mandazi bila mafuta, lakini mimi natetemeka kama mwenye homa.

Naogopa. Sina wa kumwambia, basi nawaandikia nyinyi mnaopita humu kusoma upuuzi wangu. Leo si upuuzi.

Mnaonijua mnajua: mimi fundi redio, shule niliiacha kabla haijaniacha, na kwenye rafu ya duka langu ipo kompyuta ya mtumba ambayo ndiyo seva ya chama chetu cha kuzikana. Wazee wa kuzikana na seva wapi na wapi? Ni kwamba kwenye kundi la simu tangazo la msiba lilikuwa linazama chini ya maua ya asubuhi njema na video za dawa ya kiuno. Mtu anazikwa, wenzake wanatumiana vikatuni. Tukakubaliana msiba uje kwa barua pepe, na barua ya chama ikija, hakuna mzaha.

Leo asubuhi nikaweka kwenye seva programu mpya ya barua pepe. Haina picha, haina cha kubofya. Kioo cheusi, maandishi meupe, unaiamuru kwa kuandika. Wanasema jina lake kwa Kizungu maana yake mbwa koko. Mke wangu asijue nafuga mbwa dukani.

Kwenye faili la mipangilio nikaandika mstari wa ujanja: kila barua itakayotoka, nakala iende kimyakimya kwa wanachama wote, nisihangaike na anwani zao. Nikajisifu sana. Nikanywa chai. Nikarudi kuijaribu, nikajiandikia barua mimi mwenyewe.

Nikaandika nini? Mimi Mzaramo, Maganga muuza vipuri wa mtaa wa Gerezani ni Mnyamwezi. Mtani wangu. Alipofiwa na baba yake nilijilaza ndani ya kaburi nikagoma kutoka mpaka nipewe kuku, na wafiwa wakacheka na machozi usoni. Basi nikaandika: "Maganga amefariki ghafla. Maziko leo alasiri. Watani mje na majembe." Nikacheka peke yangu, nikatuma.

Ule mstari wa nakala nilishausahau.

Nilipofungua foleni ya barua ndani ya seva nikakuta majina ya wanachama yamejipanga, yanapungua moja moja. Nikaamuru foleni yote ifutwe. Intaneti yetu ya kujikongoja ikanisaidia, nyingi zilikuwa bado. Chache zilishaondoka. Moja imeenda Tabora kwa Tatu, mpwa wa Maganga, anayeishi na mama yake Nyamizi, dada wa Maganga. Nyamizi ana ugonjwa wa moyo. Daktari alishawaambia asishtuliwe.

Nikampigia Tatu, simu inatumika. Nikampigia Maganga, nayo inatumika. Nikaacha duka wazi, magoti yangu mabovu yakakimbia mpaka Gerezani.

Maganga alikuwa amekaa juu ya tairi, simu kaishika mbele ya mdomo; barua ya kifo chake ilishamfikia.

"Dada, ni mimi. Mimi mwenyewe!"

Sauti ya Nyamizi ikatoka kwenye spika, inalia. "Muongo! Maiti haipigi simu. Iweke chini simu ya ndugu yangu, mwizi mkubwa we!"

"Nani alikula karanga za mbegu, ukachapwa wewe?"

Kilio kikakoma.

"Maganga?" akasema. Kisha kishindo, na Tatu anapiga kelele, "Mama! Mama!" Simu ikakatika.

Nikamwambia Maganga ni mimi niliyeandika. Nikasubiri anitukane mimi, Wazaramo, na minazi yetu yote. Akanisogezea tairi jingine.

"Nitukane basi, Mnyamwezi we!"

"Kaa hapo, mzee. Tusubiri simu."

Mzee! Hajawahi kuniita hivyo.

Tulikaa. Sijui kwa muda gani, nilikuwa naomba dua zote ninazozijua na nyingine nazitunga. Tatu akapiga: mama yake yuko hospitali, kawekewa hewa, anapumua, bado wanamwangalia. Akauliza nani kaandika ile barua.

Maganga akaniangalia. "Mashine imekosea," akamjibu.

Mashine haikukosea. Ilifanya nilichoiamuru.

Nimerudi dukani. Nimeufuta ule mstari. Nimewaandikia wote kwamba Maganga yu hai na kosa ni langu, anwani nimezisoma kwa sauti moja moja kabla ya kutuma. Kule kaburini watu walikuwa wananiona usoni, wakajua nacheza. Nyamizi alisomewa maneno matupu.

Kila simu ikilia naikimbilia. Akifa je?

Kesho nikitoka msikitini alfajiri nitapita kwa Maganga, anipe namba ya Nyamizi nikamwombe radhi kwa mdomo wangu. Halafu nitawatukana Wanyamwezi wote mpaka wa kaburini. Maganga akinirudishia matusi, tumepona. Ninachoogopa ni akinivutia kiti, akanikaribisha kwa adabu kama mgeni.